Mkate wa Wamarekani, darasa la Wabolsheviki

Yatima wengi waliofikishwa Alexandropol, Armenia, mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuwa wanaumwa vikope. Ugonjwa ulienea mno hata sehemu kubwa ya makazi yao ikageuzwa hospitali ya macho. Makazi yenyewe yalikuwa kambi za jeshi la zamani la mfalme wa Urusi, ambazo sasa zililaza watoto wapatao 25,000. Walikuwa wamenusurika mauaji ya kimbari ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915 chini ya utawala wa Osmani, au vita na njaa vilivyofuata.

Waliowatunza ni Near East Relief, shirika la Kimarekani lililokuwa na wamisionari wengi wa Kiprotestanti. Desemba 1920, Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, wakaitwaa Armenia. Marekani haikuitambua serikali ya Kisovieti hadi mwaka 1933, lakini walezi wale hawakufungasha virago. Waliendelea kugawa chakula huku wakuu wapya wakidai kauli juu ya masomo: dini ikabanwa, na watoto wakaanza kuvutwa kwenye chama cha Mapionia, umoja wa watoto wa kikomunisti.

Kwa mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya imani yake, hilo lilikuwa jambo zito. Hata hivyo naamini walifanya vyema kubaki. Wangeondoka kulinda msimamo wao, nani angewalisha watoto wale?

Lakini si kila malezi yanavumilika. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Antoura, Lebanon, Cemal Pasha, kamanda wa Osmani, aligeuza chuo cha mapadre wa Kifaransa kuwa kituo cha yatima. Watoto wa Kiarmenia wapatao 1,000 walipewa majina ya Kituruki na namba, wakakatazwa lugha yao. Karnig Panian, aliyekulia humo, ameeleza viboko na njaa iliyowafanya wavulana wasage mifupa wapate cha kutia tumboni. Pale malezi yenyewe yalilenga kumfuta Mwarmenia ndani ya mtoto. Huko Alexandropol, pamoja na mivutano yote, watoto walisoma kwa Kiarmenia.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Antoura ikaingia mikononi mwa Wamarekani na watoto wakarudia majina yao. Panian alikuja kuwa mwalimu katika shule ya Waarmenia mjini Beirut, na kumbukumbu zake akaziandika kwa Kiarmenia, lugha ile ile waliyokuwa wakichapwa kwa kuizungumza.