Mgeni Anakuja Mombasa? Mpeleke Hapa, Lipa Hivi
Rafiki yako anashuka SGR kutoka Nairobi na njaa yake? Usijali.

Asubuhi: Mji wa Kale, mahamri na mbaazi za nazi.
Mchana: Kuku wa tikka pale Tarboush, Barabara ya Makadara.
Jioni: Mama Ngina. Mihogo ya kukaanga, ndimu na pilipili, kisha dafu la kuteremshia.

Sasa kulipa. Mkahawani uliza namba ya till. Kwa muuza mihogo huenda ikawa namba ya simu. Mwache aitaje mwenyewe, uirudie kwa sauti. Kabla ya malipo kukamilika, soma jina linalotokea. Si lake? Katisha hapo hapo. Pesa ikiangukia mtu mwingine, mihogo umekula na deni bado unalo.