Ewing, Mourning, Mutombo: nani alikuwa ukuta wa Georgetown?

Mjini Washington, Marekani, kocha John Thompson aliwafundisha walinzi watatu wakubwa wa kikapu katika chuo kikuu cha Georgetown. Patrick Ewing ndiye aliyeleta kombe: mwaka 1984 waliifunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84-75. Alonzo Mourning alicheza misimu minne hadi 1992, akazuia mipira 453.

Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, na alicheza misimu mitatu tu. Lakini mwaka 1989, dhidi ya St. John's, alizuia mipira 12 katika mechi moja.

Kwa kombe, Ewing yuko mbele. Kwa hesabu ya mechi moja, Mkongomani huyo ndiye ukuta.