Kutunza Ardhi ya Chuo Iliyo Mbali

Mhariri ameniomba nieleze jinsi chuo kiwezavyo kutunza ardhi iliyo mbali na makao yake. Jambo hili latuhusu sote. Mara nyingi mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa hutaka kukipa chuo chake shamba au kiwanja, nacho chuo hupokea kwa furaha. Baada ya miaka kumi ardhi imekwisha kuwa ya watu wengine, wala hakuna mwizi aliyeonekana. Nitatoa mfano wa huku Nchelenge ninakokaa, ukingoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia.

Tuseme chuo kilicho Lusaka kina ardhi hapa. Kutoka Lusaka kwa njia ya Serenje na Mansa ni kama kilometa 1,000. Mkuu wa chuo hawezi kuja kila mwezi, na wazee walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi afanyeje?

Kwanza ni hati. Ardhi yote ya Zambia imewekwa mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na nyingi vijijini hushikwa kwa mila, chini ya machifu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 yaruhusu ardhi ya mila igeuzwe kuwa ya kukodi kwa serikali, kwa muda usiozidi miaka 99. Chifu hutoa kibali kwa maandishi, baraza la wilaya hupeleka maoni yake, ndipo Kamishna wa Ardhi huamua. Mchoro mwepesi hupatiwa miaka 14 tu. Miaka 99 hutaka ramani ya mpima ardhi. Chuo kinachoridhika na barua ya mfadhili peke yake hakitakuwa na hati ya kuonyesha siku ya ugomvi.

Pili ni mpaka. Maji ya Mweru hupanda na kushuka kila mwaka kwa wastani wa mita 1.7, hujaa sana mwezi wa Mei, na hupungua sana Januari. Ng'ambo, upande wa Kongo, nchi huinuka ghafla, lakini upande wetu huinuka polepole. Kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu, huacha ukanda mpana wa mchanga. Mtu akiandika Januari kwamba ardhi yake "yafika majini", Mei ataikuta nusu imezama. Tena wavuvi waliozoea kuanika samaki mchangani watasema, kwa haki yao, kwamba mahali pale ni pa wote. Afadhali mawe ya mpaka yawekwe penye nchi kavu, mbele ya mkuu wa kijiji na majirani, na njia ya kwenda majini iachwe wazi. Jirani aliyefungiwa njia hawezi kuwa mlinzi wako.

Tatu ni mtu. Chuo cha Merton huko Oxford, Uingereza, kilianzishwa mwaka 1264 na kupewa mashamba mahali mbalimbali ili mapato yake yawalishe wanachuo. Shamba moja lilikuwa katika kijiji cha Cuxham. Tangu mwaka 1311 hadi 1349 lilisimamiwa na Robert Oldman, mkulima wa kijiji hicho hicho. Kila mwaka baada ya mavuno hesabu zake zilifungwa na kukaguliwa, na daftari hizo zingaliko chuoni hata leo. Twaona basi kwamba mlinzi mwema wa mali ya mbali ni mwenyeji anayejulikana, mwenye barua ya kazi na mshahara usiochelewa. Mlinzi asiyelipwa atajilipa mwenyewe kwa kukodisha vipande vya shamba.

Nne ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kodi ya serikali ilipwe kila mwaka na stakabadhi zihifadhiwe, kwa maana ardhi isiyolipiwa yaweza kurudishwa serikalini. Na kama chuo kimepangisha wavuvi, kisidai kodi yao Januari. Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari sheria hufunga uvuvi, na mfuko wa mvuvi huwa mtupu. Mwenye kukaa mbali hulisahau jambo hili, kisha humwita mpangaji wake mkaidi.

La mwisho ni kuitumia ardhi. Mwaka 1968 Mswisi John Tanner aliutoa msitu wake wa Mazumbai, katika milima ya Usambara, kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye ulirithiwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Msitu ule umetunzika kuliko mingi ya jirani zake, na nadhani sababu moja ni kwamba wanafunzi na wachunguzi huenda kujifunza humo. Miguu yao yenyewe ni ulinzi.

Kwa hiyo, ndugu mliomaliza masomo, mkitaka kutoa ardhi, toeni pamoja na ramani, na fedha za kumlipa mlinzi walau miaka michache ya kwanza. Na ninyi mlio madarasani, ombeni mpelekwe mkaione. Ardhi ambayo hakuna mwanafunzi aliyepata kuikanyaga ni ya chuo kwa jina tu.