Saa ya Ukutani Isiyojirekebisha: Kabla Hujamwita Fundi

Katika parokia, nyumba za watawa na seminari zetu si ajabu kukuta saa ya ukutani iliyoletwa kama zawadi kutoka Ulaya au Marekani, yenye alama ndogo ya mnara wa redio au neno la Kijerumani Funkuhr kwenye uso wake. Sifa yake kubwa ni kwamba hujirekebisha yenyewe. Basi inatundikwa sakristia, betri inawekwa, mishale inazunguka mbio mpaka kwenye 12, kisha inatulia hapo. Siku inapita, wiki inapita. Wengine huiona ni mbovu na kuiweka stoo, wengine huipeleka kwa fundi. Mara nyingi saa hiyo ni nzima kabisa.

Katika makala hii tunaeleza saa ya namna hii inapata wapi wakati wake, kwa nini haiwezi kuupata hapa kwetu, na namna ya kuitumia hata hivyo. Mwishoni tunawageukia mapadre, watawa na wafrateri wetu walioko masomoni ng'ambo, ambako saa hiyo ingepaswa kujirekebisha lakini wakati mwingine nayo hukataa.

Wakati unatoka wapi?

Ndani ya saa hii mna vitu viwili. Cha kwanza ni mashine ya kwatzi, sawa na ile ya saa yoyote ya betri. Cha pili ni redio ndogo ya kupokea tu, yenye antena ya kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Redio hiyo kwa kawaida imetengenezwa kusikiliza kituo kimoja tu.

Kwa saa nyingi za Ulaya, kituo hicho ni DCF77, kilichopo Mainflingen karibu na Frankfurt, Ujerumani. Kinarusha mawimbi marefu ya kilohezi 77.5 kwa nguvu ya kilowati 50. Wakati wake unatokana na saa za atomiki za PTB, taasisi ya taifa ya vipimo yenye makao Braunschweig. Tangu mwaka 1973 kituo hicho kimekuwa kikituma saa na tarehe kwa alama. Kila sekunde nguvu ya mawimbi hupunguzwa kwa muda mfupi: ikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, saa husoma sifuri, ikipunguzwa kwa sehemu mbili za kumi, husoma moja. Sekunde ya mwisho ya dakika huachwa bila alama, na hapo saa hutambua kwamba dakika mpya iko karibu kuanza.

Hivyo ili kujua ni saa ngapi, saa inahitaji kusikiliza dakika nzima bila kukatizwa, na nyingi husikiliza dakika kadhaa ili kujihakikishia. Ndiyo maana haijirekebishi papo hapo hata ikiwa mahali pazuri.

Kwa nini hapa kwetu haisikii?

Mawimbi ya DCF77 hufika umbali wa kilomita 2,000 hivi. Kutoka Frankfurt mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 6,000, na Dar es Salaam ni mbali zaidi. Vituo vingine vinavyotumiwa na saa za nyumbani navyo viko mbali: MSF kiko Anthorn, Uingereza, WWVB kiko Fort Collins, Marekani, Japani ina vituo vyake viwili, na China ina chake. Afrika Mashariki hatuna kituo cha namna hii. Kupandisha saa mnarani au kuisogeza dirishani hakutasaidia.

Hata kama mawimbi yangefika, saa ingeonyesha wakati wa Ujerumani. Wakati wetu umetangulia ule wa Ujerumani kwa saa mbili majira ya baridi, na kwa saa moja majira ya kiangazi. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi ingeanza nyuma ya wakati wake, na kwa kipimo kinachobadilika mara mbili kila mwaka.

Tufanye nini nayo?

Kwanza, tazama nyuma ya saa kama kuna kitufe cha kurekebisha kwa mkono. Mara nyingi kimeandikwa SET au M.SET. Weka betri mpya, subiri mishale itulie kwenye 12, kisha shikilia kitufe hicho kwa sekunde kadhaa. Mishale itaanza kwenda. Iachie inapofika wakati sahihi. Kuanzia hapo ni saa ya kawaida ya betri. Usibonyeze REC au WAVE, kwa sababu vitufe hivyo huiamuru saa ianze tena kutafuta mawimbi.

Pili, kama hakuna kitufe cha namna hiyo, usiitupe. Fundi saa anaweza kutoa mashine ya ndani na kuweka mashine ya kawaida ya kwatzi. Huenda akalazimika kubadilisha na mishale pia, lakini uso na fremu ya zawadi vinabaki.

Tatu, zipo programu za simu zinazoiga alama za kituo kupitia spika. Saa ikiwekwa karibu kabisa na simu, baadhi hukubali na kujirekebisha. Hata hivyo, zoezi hilo linapaswa kurudiwa mara kwa mara, nasi hatulipendekezi kwa saa ya kanisa.

Jambo ambalo tungependa lisisahaulike ni hili: saa isiyopokea mawimbi hupotea kidogo kidogo. Mashine ya kwatzi ikikosea sekunde 15 kwa mwezi, baada ya mwaka ni dakika tatu. Saa ya kawaida hulinganishwa na nyingine mara kwa mara kwa sababu watu hawaiamini sana. Hii yenye alama ya mnara watu huiamini, wakidhani inajiangalia yenyewe. Mpiga kengele anaifuata, waumini wanafuata kengele, na anayefika mlangoni wakati somo la kwanza limekwisha anajilaumu bure. Kwa hiyo apewe mtu mmoja, sakristani au mfrateri wa zamu, jukumu la kuilinganisha kila Jumamosi na simu inayopata wakati kutoka kwenye mtandao. Asitumie redio inayosikilizwa kwa intaneti, maana matangazo yake huchelewa kwa sekunde kadhaa.

Parokia inayohitaji saa ya kujirekebisha kweli inunue inayopata wakati kwa setilaiti za GPS au kwa intaneti. Hizo hufanya kazi hapa kwetu, ila ile ya GPS huhitaji antena yake ione anga.

Kwa walioko ng'ambo

Roma iko ndani ya eneo la DCF77, chini ya kilomita 1,000 kutoka Frankfurt, na hutumia wakati uleule wa Ujerumani. Saa ikikataa huko, fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Badilisha betri. Weka mpya ya alkali ya volti 1.5. Betri za kuchajiwa zina volti 1.2, na baadhi ya saa haziridhiki nazo.

2. Toa betri kwa dakika kumi, kisha irudishe. Mishale ikienda kwenye 12, acha. Usiisukume kwa kidole.

3. Ondoa saa karibu na televisheni, kompyuta, chaja na taa za LED. Vifaa hivi hutoa kelele za umeme zinazofunika sauti dhaifu ya kituo.

4. Isogeze dirishani. Zege lenye nondo na kuta nene za nyumba za zamani hudhoofisha mawimbi.

5. Angalia upande. Antena hupokea vizuri pale uso au mgongo wa saa unapoelekea kituo. Kwa aliye Roma kituo kiko kaskazini, hivyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unafaa zaidi.

6. Iache usiku mzima. Usiku mawimbi haya husafiri mbali zaidi na kelele za umeme hupungua; ndiyo maana saa nyingi hujirekebisha usiku wa manane.

Kama saa inatembea vizuri lakini imekosea kwa saa moja kamili, au zaidi bila kukosea dakika, tatizo ni mpangilio wa eneo. Saa ya Kijerumani ikipelekwa London inaweza kupokea mawimbi vizuri na bado ikawa mbele kwa saa moja. Saa za Marekani huwa na kitufe cha kuchagua moja kati ya kanda nne za wakati. Na kama kosa la saa moja limetokea baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi au Oktoba, Ulaya inapobadilisha majira, basi saa haikupokea mawimbi usiku huo. Rudia hatua ya nne na ya sita.

Na kwa padre au sista anayejiandaa kurudi nyumbani na zawadi mkononi: kabla ya kuifunga kwenye sanduku, geuza saa na utazame nyuma kama ina kitufe cha kurekebisha kwa mkono. Yenye kitufe hicho itafanya kazi parokiani siku hiyohiyo itakapofika.