Jina Lako Kwenye Grupu ni Dhamana: Lilinde

Kwenye grupu la WhatsApp la chama, la kanisa au la wazazi, mtu hujulikana kwa mwenendo wake. Ukichanga kwa wakati na kutoa hesabu bila kuficha, wenzako wanakuamini. Siku ukiandika "niokoleeni na elfu tatu, nitarudisha jioni", kuna mtu atatuma bila kuuliza.

Hiyo imani ndiyo matapeli wanawinda. Wanajaribu kufungua WhatsApp kwa namba yako, unapokea SMS yenye tarakimu 6, kisha "rafiki" anakuomba umtumie hizo tarakimu, eti zimekuja kwako kimakosa. Ukizituma, akaunti imeenda, na mtu mwingine anaomba pesa kwa jina lako.

Tunakushauri hivi:

- Tarakimu hizo usimpe yeyote, hata ndugu. PIN yako ya pesa vilevile.
- Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp.
- Mwenzako akiomba pesa kwenye grupu, mpigie simu ya kawaida kwanza.
- Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Kama si la yule aliyeomba, usitume.

Ukinyang'anywa akaunti, wajulishe wenzako mara moja kwa simu au SMS, kisha ujisajili upya WhatsApp kwa namba yako. Pesa zikishatolewa kwa ajenti, kuzirudisha ni kazi ngumu. Jina nalo likiharibika, kulijenga tena huchukua muda.