Travian

Travian ni mchezo wa mkakati unaochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti. Ulitokea Ujerumani mwaka 2004, ukiwa kazi ya Gerhard Müller. Kampuni inayouendesha, Travian Games, ina makao yake katika jiji la München. Mchezaji hahitaji kusakinisha programu yoyote, kwa sababu mchezo unafunguliwa ndani ya kivinjari cha kawaida. Unajulikana hasa kwa muda mrefu unaodai kutoka kwa wachezaji wake.

Namna ya kucheza

Kila mchezaji huanza na kijiji kimoja kidogo na huchagua kabila. Makabila ya awali ni matatu: Waroma, Wagallia na Wateutoni. Waroma wana askari wenye nguvu lakini wa gharama kubwa, nao huweza kujenga jengo na kupanua shamba au mgodi kwa wakati mmoja. Wagallia wanasifika kwa ulinzi na kwa mitego inayonasa wavamizi. Wateutoni wana askari wa bei nafuu wanaofaa kwa uporaji. Baadaye makabila mengine yaliongezwa, yakiwemo Wamisri na Wahunni.

Rasilimali ni nne: mbao, udongo, chuma na nafaka. Tatu za kwanza hutumika zaidi katika ujenzi na kuunda majeshi. Nafaka ina kazi ya pekee, kwa kuwa askari wanakula kila saa. Ghala likiwa tupu, wanaanza kufa kwa njaa. Kwa hiyo jeshi kubwa lisilo na mashamba ya kutosha humlazimu mwenyewe kupora majirani.

Mchezaji mpya hupewa kinga ya siku chache ambamo hawezi kushambuliwa. Baada ya hapo kijiji chake kinaweza kuporwa, kubomolewa kwa mitambo ya kurusha mawe, au hata kutekwa na kuwa mali ya mwingine. Mji mkuu wa mchezaji pekee ndio usioweza kutekwa.

Miungano

Ni vigumu kudumu peke yako. Wachezaji hujiunga katika miungano, ambamo hutumiana nafaka, hupeana askari wa ulinzi na hupanga mashambulizi ya pamoja. Mara nyingi kiongozi wa muungano hushughulika zaidi na ujumbe, mapatano na ugomvi kuliko na vita vyenyewe.

Mwisho wa mchezo

Tofauti na michezo mingi ya aina hii, Travian ina mwisho. Katika awamu ya mwisho miungano hushindana kujenga Ajabu la Dunia. Kwanza hupaswa kunyang'anya maeneo na ramani za ujenzi zinazolindwa na Wanatari, kabila linaloendeshwa na kompyuta. Anayefikisha jengo hilo daraja la 100 kabla ya wengine hushinda, na seva hufungwa. Duru moja huchukua miezi mingi. Kisha vijiji vyote hufutwa na wachezaji huanza upya. Ziko pia seva za kasi, ambazo duru yake ni fupi zaidi.

Suala la muda

Mchezo hauna mapumziko: mchezaji akilala, majeshi yanaendelea kutembea. Askari wa miguu wa Kiroma aitwaye lejionari huenda miraba 6 kwa saa. Akitumwa kijiji kilicho umbali wa miraba 42, bila nyongeza ya mwendo, atatumia saa 7. Hivyo jeshi linaloondoka saa 4 usiku hufika saa 11 alfajiri. Washambuliaji wengi hupiga hesabu hiyo makusudi ili wamkute adui usingizini, naye adui huweka kengele ya simu ili aamke.

Kutokana na hali hiyo, kanuni zinaruhusu mchezaji kumkabidhi mwenzake uangalizi wa akaunti. Pia baadhi ya watu hushirikiana akaunti moja na kugawana zamu. Aidha, mchezo ni wa bure, lakini dhahabu inayonunuliwa kwa fedha halisi hurahisisha kazi na kuokoa muda.

Hatari kwa afya

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza tatizo la uchezaji wa michezo ya kidijiti katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea kucheza licha ya madhara yanayoonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa.

Kwa hiyo wingi wa saa pekee si ugonjwa, na WHO inaeleza kwamba wanaoathirika ni sehemu ndogo ya wachezaji. Hata hivyo, mwanafunzi anayeamka kila usiku kulinda kijiji chake huingia darasani akiwa na usingizi, hata kama hana ugonjwa wowote.