Kabla ya Kuhama Kampuni ya Intaneti na Runinga

Mwisho wa mwezi ukikaribia, swali hili husikika katika magorofa mengi ya Mwembe Tayari: je, tuendelee na kampuni ileile ya intaneti na runinga, ama tuhamie nyingine? Mawakala hupita mlango kwa mlango na vipeperushi, bei ya miezi ya mwanzo inavutia, na pale nyumbani video inakwama kila usiku. Kuhama ni haki ya mteja. Hata hivyo, wako wanaolipa ada ya kuunganishwa upya kisha wakakuta tatizo limewafuata, kwa sababu tangu mwanzo halikuwa la kampuni.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kujua ubovu uko wapi, na haihitaji fundi. Mkazi aunganishe kompyuta moja kwa moja na ruta kwa waya, azime vifaa vingine, kisha apime kasi kwenye tovuti yoyote ya kupimia. Afanye hivyo asubuhi, na tena kati ya saa mbili na saa nne usiku, kwa siku tatu au nne. Matokeo ayaandike. Kipimo kimoja hakithibitishi lolote.

Ikiwa kasi kwenye waya inakaribia ile aliyolipia, lakini simu chumbani haipati chochote, kampuni haina kosa. Kosa ni ukuta. Nyumba za zamani za upande wa Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nene huzuia mawimbi ya Wi-Fi. Masafa ya GHz 5 yana kasi lakini hupenya ukuta kwa shida kuliko ya GHz 2.4. Kuisogeza ruta katikati ya nyumba, au kuvuta waya hadi kwenye kifaa cha pili cha Wi-Fi, mara nyingi ndiyo dawa yenyewe.

Ikiwa kasi ni nzuri asubuhi na inaporomoka usiku hata kwenye waya, hapo msongamano uko kwa kampuni, na sababu ya kuhama ipo. Bora kuwauliza kwanza majirani wa ngazi ileile wanaotumia kampuni inayofikiriwa, tena waulizwe kuhusu usiku. Na ikiwa huduma hukatika kila mvua inyeshapo, huenda viungio vya nje vimeingia maji au vimeliwa na hewa ya chumvi. Fundi wa kampuni aitwe avibadilishe kabla ya uamuzi wowote.

Kuna pia siku ambazo kampuni nyingi hupunguza kasi kwa pamoja. Mombasa ndiyo lango la nyaya za chini ya bahari zinazoileta intaneti Kenya: TEAMS na SEACOM zilifika hapa mwaka 2009, na EASSy ikafuata. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na huduma ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mtu aliyehama kwa hasira wiki ile huenda hakupata nafuu yoyote.

Kabla ya kulipa chochote, mpangaji amuulize mwenye nyumba ni kampuni zipi zimeruhusiwa kuingiza waya katika jengo, na nani atagharamia ukuta ukitobolewa. Upande wa Mji wa Kale, ambao ni eneo la hifadhi, kutoboa ukuta wa mbele si jambo la mpangaji na fundi pekee. Ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa iulizwe kwanza.

Kisha hesabu. Bei ya kulinganisha ni ya mwaka mzima. Tuchukue mfano wa kaya inayolipa shilingi 2,500 kwa mwezi, yaani 30,000 kwa mwaka. Wakala analeta kifurushi cha 2,000 kwa miezi mitatu, kisha 3,000. Mwaka ukiisha ni shilingi 33,000, na ada ya kuunganishwa ikiwa 3,000 inakuwa 36,000. Kifurushi "cha bei nafuu" kimezidi kwa 6,000. Mkazi aulize pia kama kasi hupunguzwa akishatumia kiasi fulani. Jibu hilo ni nadra kuandikwa kwa herufi kubwa.

Runinga ina hesabu yake. Anayenunua intaneti na runinga kwa pamoja aulize bei ya kimoja iwapo atakiacha kingine. King'amuzi cha kampuni moja kwa kawaida hakifanyi kazi kwa nyingine. Kaya inayotazama habari na vipindi vya humu nchini inaweza kupata KBC, Citizen na NTV kwa king'amuzi cha chaneli za bure na antena, bila malipo ya kila mwezi. Mpenzi wa kandanda naye ahakikishe kwanza ni kampuni ipi ina haki za kuonyesha ligi yake msimu huu.

Leseni za kampuni hizi hazitolewi na Kaunti. Mawasiliano ya simu na utangazaji ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni za kumlinda mteja za mwaka 2010 zinampa haki ya kuelezwa bei na masharti kwa uwazi, na kutozwa tu kwa huduma aliyoiomba. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, na mteja adai nambari ya lalamiko. Asiporidhika, ayapeleke kwa Mamlaka, ambayo ina ofisi ya Pwani hapa Mombasa. Yale matokeo ya vipimo vya usiku ndiyo ushahidi wake.

Nambari ya simu ya mkononi huweza kuhamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine tangu mwaka 2011. Intaneti ya nyumbani haihami hivyo. Moja hufungwa, nyingine hufunguliwa. Kwa hivyo ya zamani isikatwe mpaka ile mpya ipimwe usiku kwa angalau wiki moja, hasa kwa mwenye duka au ofisi ya tiketi za basi inayotegemea mtandao. Baada ya hapo taarifa ya kusitisha itolewe kwa maandishi, vifaa vya kampuni virudishwe, na risiti ihifadhiwe. Ruta mpya ikipewa jina na nywila za ile ya zamani, simu na kamera za ulinzi kwa kawaida zitajiunga zenyewe.